Pweza wa Mgeni Rasmi

Kijiti cha shangazi yangu kimetundikwa ukutani katika ofisi ya kamati ya mwamba, kwenye msumari, chini ya picha ya mgeni rasmi aliyeshika mkasi wa kukatia utepe. Ni kijiti cha kawaida tu. Ncha yake imelika kwa miaka mingi ya kuchokoa matundu ya pweza, na pale anapokishika pamekuwa peusi na laini. Kimefungwa kikaratasi kilichoandikwa kwa wino mzito: KIELELEZO. Nilipokiona mara ya kwanza nilipandwa na hasira. Kielelezo cha nini? Mwanamke amevua pweza tangu hajavunja ungo, amelea na kusomesha watoto kwa kijiti hicho, na leo kinaning'inizwa kama panga lililoua mtu.

Kijiji chenyewe sikitaji. Kiko pwani, kusini ya Kigombe, na mtu akitoka Tanga mjini asubuhi anafika kabla ya adhuhuri. Ndiko alikozaliwa marehemu baba yangu, na ndiko anakoishi dada yake, mtu wa mwisho niliyebaki naye upande huo. Mimi nakaa Makorora. Nafundisha katika chuo kimoja mjini, somo la jamii na makosa ya jinai, na wanafunzi wangu wengi wanataka kuwa maofisa wa maendeleo. Kazi yangu, kwa maneno mengine, ni kuwaeleza vijana kwa nini watu huvunja sheria. Hilo mlikumbuke, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Habari hii ilianza kwa jambo jema. Pweza hukua upesi mno. Mwamba ukiachwa miezi mitatu bila kuguswa, pweza uliyemwacha wa kujaza kiganja unamkuta wa kujaza karai. Wataalamu walikuja wakaeleza, kijiji kikakaa kikao, kamati ikaundwa, na sehemu kubwa ya mwamba ikazungushiwa maboya. Miezi mitatu mtu asitie mguu humo. Siku ya kufungua, maji ya bamvua yakipwa sana, wote wataingia pamoja, kila mtu na kijiti chake.

Wanawake ndio waliokuwa na cha kupoteza. Wanaume wana vyombo, wanakwenda kina kirefu. Mwanamke wa kule anavua pale miguu yake inapomfikisha, na ukimfungia mwamba wa karibu umemfungia jiko. Kwa hiyo walinuna. Shangazi ndiye aliyewalainisha. Alipita nyumba hadi nyumba, akakaa mikekani, akasaidia kukuna nazi huku akizungumza, hadi wakakubali mmoja baada ya mwingine. Miezi hiyo na yeye alikwenda mwamba wa mbali, uliochoka, akirudi na vipweza vya kutia aibu, na hakulalamika. Alikuwa akiisubiri siku ya kufungua kama watoto wanavyoisubiri Idi. Alisema ataingia mbele ya wote, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia wenzake wavumilie, na wenzake waone kwamba hakuwadanganya.

Darasani kwangu wakati huo nilikuwa nimefika kwa Mfaransa.

Huyu ni mzee wa karne ya kumi na tisa, hakimu wa upelelezi katika mji mdogo wa mkoani, mbali na makao makuu. Kazi yake ilikuwa kuwahoji watu waliokamatwa na kusoma majalada, mwaka baada ya mwaka. Zama hizo huko Ulaya palikuwa na daktari wa Kiitaliano aliyepima mafuvu ya wafungwa na kutangaza kwamba kuna wahalifu wa kuzaliwa. Taya inasema, sikio linasema, paji la uso linasema. Hakimu wetu hakukubali. Majalada yake yalimwonesha jambo jingine: watu huiga. Uhalifu kwa maoni yake husambaa kwa njia zile zile zinazosambaza mitindo ya nguo na namna ya kuamkiana. Mtu humwiga aliye karibu naye kuliko aliye mbali. Wadogo huwaiga wakubwa kuliko wakubwa wanavyowaiga wadogo. Na jambo jipya halikuti patupu; hukuta desturi ya zamani, ama likaisukuma kando, ama likapanda mgongoni mwake.

Wanafunzi wangu hawampendi. Wanampenda yule daktari. Kila mwaka lazima atokee mmoja wa kuinua mkono na kusema, "Lakini mwalimu, koo za wezi zipo. Kwetu Lushoto inajulikana." Na mwenzake wa Muheza hudakia kwamba hata kwao inajulikana. Huwa nawauliza kama yupo kati yao anayetoka katika ukoo wa namna hiyo. Darasa zima hucheka. Hayupo. Koo za wezi siku zote ni za jirani.

Mwezi wa pili wa kufungwa mwamba ikatangazwa kuwa anakuja mgeni rasmi. Jamani, sisi tukisikia neno hilo akili hututoka. Kijiji kisicho na choo cha maana shuleni kilipata turubai, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vya satini, maua ya bandia na spika mbili za kupasua masikio. Utepe ulifungwa kati ya miti miwili ili mheshimiwa aukate, ingawa hapakuwa na chochote cha kufungua. Tulikuwa tunasherehekea kufunga. Shangazi alinipigia simu nikawaandikie wanawake risala. Nikaiandika kwa mbwembwe zote, "sisi akina mama wa pwani tunaahidi kuwa walinzi wa kwanza wa mwamba wetu," na kwa malipo ya risala hiyo nikawekwa meza kuu, mwalimu wa chuo, viti viwili kutoka kwa mheshimiwa.

Chakula kikaja. Pilau, kuku wa kukaanga, kachumbari, na katikati sinia la pweza wa nazi. Vipande vyake vilikuwa vinene, vyeupe ndani, vinang'aa kwa tui. Shangazi alikuwa miongoni mwa waliotunawisha mikono. Aliponifikia na birika aliinama kidogo, kanga yake ikagusa shavu langu.

"Huyu pweza wa ndani," alininong'oneza.

"Ndani wapi, shangazi?"

"Ya maboya. Huku nje hakuna pweza wa unene huu. Miye nawamanya kama kiganja changu."

Akasogea kwa mwingine. Niligeuka kumtazama mwenyekiti wa kamati, mtu wa makamo, mwenye kofia nzuri iliyodariziwa kwa mkono na sauti ya upole. Alikuwa anampakulia mheshimiwa. Mheshimiwa akasifu: pweza mkubwa alioje! Mwenyekiti akacheka, akasema kwa sauti ya mezani, ya kusikika na sisi wachache tu: "Kwa ajili yako tulifungua kidogo, mheshimiwa. Tungekulisha dagaa?" Mheshimiwa akampiga bega kwa furaha. Meza nzima ikacheka, na mimi nikiwemo.

Fikirini jambo hilo. Mtu amealikwa kuja kuubariki mwamba uliofungwa, na wanamkaribisha kwa kuufungua. Wala hawakukusudia ubaya, hilo ndilo linalokasirisha. Pwani hii mgeni akija lazima kitoweo kionekane, na mgeni mkubwa kitoweo kikubwa. Wangemwekea kisamvu wangeona wamejiaibisha wao na mababu zao. Mwenyekiti hakujiona mwizi hata kidogo. Alijiona mwenyeji.

Wiki hiyo hiyo katibu wa kamati alipata mgeni. Mkwewe alikuja kutoka Mkwaja, na mkwe si mtu wa kuwekewa dagaa. Alipita barazani kwa mwenyekiti akasema, "Nina mgeni." Mwenyekiti akajibu, "Haya, usizidishe." Walinzi wa mwamba, waliowekwa na kamati, wakatazama upande wa pili. Kutoka kwa katibu jambo likaenda kwa mwenye duka anayecheza naye bao, kutoka kwa mwenye duka likaenda kwa wanaokaa kibarazani pake, na kutoka hapo likashuka kijiji kizima. Shangazi alinihadithia kwa simu, kila wiki na mapya yake. Mtu mmoja mgeni wake alikuwa mdogo wake mwenyewe wanayelala ua mmoja. Alikwenda Pangani asubuhi, akarudi alasiri, akapokewa kama aliyetoka Hija. Mwingine alisema mgeni wake bado yuko tumboni mwa mkewe, lakini ameshaanza kudai. Wote walipita kwanza kwa mwenyekiti, wote waliambiwa wasizidishe. Maneno hayo mawili, "nina mgeni," yakawa kama kadi ya kuingilia uwanjani.

Mnaona hesabu ya Mfaransa ilivyotimia? Hakuna aliyejifunza wizi huo mbali. Hakuna aliyeuona kwenye simu wala aliyeletewa na watu wa mjini, kama wazee wetu wanavyopenda kusema kila kijana anapoharibika. Ulianzia meza kuu, ukashuka ngazi moja moja, na ulikuwa umepanda mgongoni mwa ukarimu, desturi yetu nzuri kuliko zote. Nilikwenda darasani nikachora mlolongo wote ubaoni bila kutaja jina la mtu wala kijiji: mkubwa, msaidizi wake, rafiki wa msaidizi, majirani wa rafiki. Wanafunzi walicheka hadi machozi. Kwa mara ya kwanza mwaka ule walimwelewa Mfaransa. Nilifurahi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba nimepata mfano.

Sikupiga simu kwa mtu yeyote. Sikuandika barua. Nilichora ubaoni, nikafuta, nikaenda zangu nyumbani kula.

Wanawake walikuwa wa mwisho kuingia, na baada ya wengine kuanza kulegea shangazi alizidi kukaza. Aliniambia, "Waache. Siku ya kufungua nitaingia kichwa juu." Wenzake walimtania kwamba hana wageni kwa sababu ya ubahili. Akacheka nao.

Kisha nikaumwa. Homa ya matumbo ilinilaza wiki mbili, uji asubuhi, uji jioni, na daktari aliponiruhusu nikaomba likizo fupi nikapumzike kwa shangazi. Zilibaki wiki tatu mwamba ufunguliwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ehe! Ndiye weye huyu? Shingo imebaki ya kuku!"

Alinipikia wali, kisamvu na dagaa. Nilikula vijiko vitatu nikasukuma sahani. Akaniuliza roho yangu inataka nini, mgonjwa haulizwi bure. Nikasema, kwa kinywa changu hiki hiki kinachofundisha watu, "Shangazi, nina hamu na pweza wako wa nazi."

Alikusanya makombo ya wali kwa upande wa kiganja, akayatia sahanini, akanyanyuka. Nilipaswa kumwambia papo hapo kwamba natania. Mimi ndiye niliyejua kuliko mtu yeyote kijijini pale namna jambo hilo linavyotembea na linavyomfikia mtu. Lakini hamu ya aliyetoka kuugua ni kitu kingine, na usingizi ulikuwa umenishika.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Alirudi jua limepanda, kanga imelowa hadi magotini, ndoo mkononi. Ndani ya ndoo pweza mmoja, mkubwa, angali anajikunjakunja.

"Shangazi, umemtoa wapi?"

"Wasomi mnauliza! Nimemtoa wanakotoa wenzangu."

"Lakini si ulikataa siku zote?"

"Nilikataa wageni wa uongo. Weye ni mgeni wa kweli, tena mgonjwa. Ati mheshimiwa ale, mkwe wa katibu ale, halafu miye mwana wa kaka yangu nimpe kisamvu?" Aliweka ndoo chini. "Wala sikuiba. Nimepita kwa mwenyekiti kwanza. Nimemwambia nina mgeni. Kasema haya, usizidishe. Nimechukua mmoja."

Akampeleka nyuma ya jiko akaanza kumpiga juu ya jiwe ili alainike. Yeyote aliyekulia pwani anaijua sauti hiyo. Husikika nyumba kumi. Mtu anayeficha kitu hampigi pweza mchana kweupe nyuma ya jiko, lakini shangazi hakuwa anaficha; alikuwa ametaka ruhusa, akapewa, kama walivyopewa wote. Nazi ilikuwa imekunwa nusu walinzi wawili walipoingia uani. Walichukua pweza. Walichukua ndoo. Mmoja wao, aliyekwisha kuwa na wageni wake wawili mwezi ule, akanyoosha mkono akachukua na kijiti.

Nilielewa baadaye. Asubuhi hiyo hiyo kamati ilipata ujumbe kwamba wataalamu wanarudi kuangalia mwamba umekua kiasi gani, na kila mtu alijua una mapengo. Akahitajika mwizi. Wenzake, hata baada ya kuruhusiwa, walikwenda kwa kujificha na kurudi kwa kujificha, hawakuacha ushahidi nyuma yao. Shangazi alikwenda wazi, akarudi wazi, na akaupigia ushahidi wake juu ya jiwe.

Kikao kiliitishwa Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, katika darasa la shule. Tulijazana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao. Alizungumza taratibu, kwa huzuni, kama mtu anayelazimishwa. Alisema mwamba umehujumiwa. Alisema mhalifu amepatikana. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naacha ninachofanya: kwamba yeye hashangai sana, kwa kuwa tabia hizi nyingine ni za damu, na wazee waliopo wanakumbuka baba wa mama huyu alivyokamatwa na boriti za mikoko enzi za mkoloni.

Damu! Huyo baba wa shangazi ni babu yangu. Ni kweli alikamatwa na boriti za mikoko, yeye na nusu ya wanaume wa pwani hii, maana nyumba zao wangezijenga kwa nini? Nilimtazama yule bwana na kofia yake, na nikamwona daktari wa Kiitaliano amesimama mbele ya ubao wa darasa la nne akipima fuvu la shangazi yangu. Na watu wakaitikia kwa vichwa. Katibu aitikia. Mwenye duka aitikia. Aliyekuwa na mgeni tumboni aitikia kuliko wote. Kila mmoja alikuwa amekula pweza wa humo humo, na kila mmoja aliona nafuu kubwa kwamba wizi ni kitu cha kuzaliwa nacho, na kwamba amezaliwa nacho mtu mwingine.

Shangazi akaomba kusema. Alisimama, akakaza kanga kiunoni.

"Miye sikatai. Pweza nimemtoa ndani. Lakini nilipita kwako, bwana mwenyekiti, nikakwambia, nawe ukanijibu. Hilo ukilikana, sina shahidi. Basi nikuulize lenye shahidi. Pweza aliyekula mgeni rasmi alitoka wapi?"

Mwenyekiti hakukasirika. Alisema pweza wa siku hiyo alinunuliwa mjini, kila mtu anajua.

"Mwanangu huyu alikuwa mezani," shangazi akasema, na mkono wake ukanionesha. "Alikula. Alisikia. Tena ni mwalimu, hawezi kusema uongo mbele za watu. Mwulizeni yeye."

Watu wote wakageuka, halafu wote wakainamisha vichwa. Nilitazama safu moja baada ya nyingine nikitafuta jicho moja tu linitazame. Hakuna. Kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake kama ndiyo kwanza anaiona. Na juu ya meza ya mwenyekiti, nilijua, palikuwa na barua ya chuo chetu inayoomba kamati yake iwapokee wanafunzi wangu kwa mafunzo ya vitendo, barua ambayo mimi niliiandika na iliyokuwa ikisubiri mhuri wake. Niliiona barua ile kuliko nilivyomwona shangazi.

Nikaitazama miguu yangu.

"Siku ile palikuwa na vyakula vingi," nikasema. "Sikumbuki vizuri."

Ndivyo nilivyosema. Nimezungusha maneno hayo kichwani mara nyingi nikitafuta namna ya kuyafanya yawe madogo, na sijaipata. Mwenyekiti alinishukuru, mwalimu, kwa kusema kweli. Ikaamuliwa kwamba shangazi asitie mguu mwambani siku ya kufungua, wala katika mwamba huo kwa mwaka mzima, na kijiti chake kibaki ofisini kiwe funzo.

Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa nasubiri anitukane; ningepona kidogo. Alifungua mlango, akawasha jiko, akachemsha maji. Kisha akaniuliza, "Dawa umekunywa?"

Siku ya kufungua nilikwenda. Hakunialika, nilikwenda tu. Maji yalikupwa hadi mwamba wote ukatoka nje, na watu walisimama ufukweni na vijiti na ndoo wakisubiri filimbi. Filimbi ilipopulizwa aliyeingia mbele ya wote alikuwa katibu wa kamati. Shangazi alikaa mchangani juu ya gunia, amejitanda, mikono mitupu magotini. Nilikaa kando yake. Baada ya muda wanawake wakaanza kutoka, ndoo zimewazidi uzito, wakicheka, wakiitana. Walipofika karibu na sisi kicheko kilikatika. Walitupita kwa upande wa maji. Wale aliowakunia nazi, aliowaambia wavumilie, walipita mmoja nyuma ya mwingine, na hapana hata mmoja aliyesimama, kwa kuwa yule wa kwanza hakusimama.

Shangazi alikuwa anaangalia ndoo.

"Wamekuwa wakubwa," alisema. "Niliwaambia watakuwa wakubwa."

Hapo ndipo nilipoinuka na kwenda ofisini, na ndipo nilipokiona kijiti kwenye msumari. Mwenyekiti alikuwepo, ana furaha, siku ilikuwa njema kwake. Nilimwambia kwamba nimekuja kusahihisha ushahidi wangu. Kwamba nakumbuka. Alinisikiliza hadi mwisho kwa upole wake ule, akanipa kiti nilichokataa. Akasema, "Mwalimu, kikao kile kimeshafungwa. Ukiwa na la kusema, lete kwa maandishi." Kisha akafungua mtoto wa meza akanipa barua ya chuo. Ilikuwa imepigwa mhuri.

Niliichana nikiwa njiani, jambo lisilosaidia mtu, na vipande nikatembea navyo mkononi kwa kuwa nilikosa pa kuvitupa. Shangazi nilimkuta anachagua mchele. Nikamwambia kwa hasira zangu zote kwamba nitaandika. Nitaeleza namna watu wanavyoiga, namna ubaya unavyoanzia juu ukashuka, nitamleta na hakimu Mfaransa aliyelijua jambo hili kabla sisi hatujazaliwa, na kila msomaji atamjua mwizi wa kwanza wa mwamba ule ni nani.

Alitoa kijiwe katika mchele, akakitupa nje.

"Andika," alisema. "Lakini usianze na Mfaransa. Wala usianze na mwenyekiti. Sema kwanza kwamba weye ulikula."

Hata hilo limenishinda. Nimeanza na kijiti, nikapita kwa daktari, kwa hakimu, kwa mheshimiwa, kwa mkwe wa katibu, nikawazunguka wote hadi nimefika hapa. Basi naliandika sasa, na nakala nitampelekea mwenyekiti aitundike kwenye msumari mwingine. Pweza wa mgeni rasmi alitoka ndani ya maboya. Nilinong'onezwa hivyo kabla sijatia mkono sahanini, na nilimsikia mwenyekiti akisema hivyo kwa masikio yangu. Nilikula vipande vitatu, nikaomba na mchuzi. Nakumbuka vizuri.